Mbuzi Aliyemjua Fundi kwa Jina

Ukitaka kumkasirisha Fundi Makochi, usimwambie kwamba kochi lake limepinda. Hilo atalipima kwa kamba, atalitazama kwa jicho moja, na likiwa limepinda kweli atalibomoa aanze upya huku akijicheka mwenyewe. Wewe mwambie hivi tu: "Fundi, ile katuni yako ya mbuzi haikuwahi kuwapo." Hapo utamjua.

Mtu mwenyewe ni pande la mtu, mpole, na tumbo lake humtangulia kuingia mlangoni. Karakana yake iko nyuma ya safu ya maduka, banda la bati lililo wazi upande mmoja, na kila siku utamkuta amepiga magoti mbele ya kochi la mtu kama anayelibembeleza. Kwanza hulivua kitambaa cha zamani, taratibu, pini baada ya pini, maana kitambaa kile ndicho atakachokitumia kukatia kipya. Kisha hutoa sponji iliyochoka, hukaza springi, huweka sponji mpya, huvuta, hupiga pini. Na humo ndani ya makochi ya watu, jamani, hutoka mambo! Vijiko, funguo, meno ya bandia, barua za mapenzi. Vyote huviweka katika mfuko na kumrudishia mwenyewe bila kuuliza swali. "Kochi ni kama tumbo la mzee," husema. "Limemeza mengi, usilipekue."

Maneno kama hayo anayo tele. Mteja akifika amefura, labda kazi yake imechelewa, Fundi hamkaribishi kiti. Humwacha asimame, humwambia, "Kiti hakikaliwi kwa hasira." Mtu atake asitake, atacheka. Akicheka, ndipo kiti huvutwa. Fundi seremala, jirani yake wa banda la pili anayemtengenezea fremu, alimuuliza zamani aliyatoa wapi maneno hayo. Fundi akajibu bila aibu wala soni:

"Kwa Bwana Koti."

"Bwana Koti gani?"

"Mbuzi. Wa kwenye katuni."

Tangu siku ile Seremala hakumwacha apumzike.

Sasa nikueleze hiyo katuni yenyewe, kama anavyoieleza yeye, nawe uamue. Alikuwa mtoto mdogo, wa kuanza shule. Mama yake alifanya kazi kiwandani kwa zamu, basi jioni zote alikuwa akiachwa kwa shangazi yake, dada mkubwa wa baba yake, aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu palepale nyumbani. Nyumbani humo mlikuwa na televisheni, sanduku lenye miguu minne, picha nyeusi na nyeupe. Na kila jioni alitokea mbuzi aliyevaa koti kubwa, refu, mikono inaburuta chini. Huyo ndiye Bwana Koti. Alikuwa na mwenzake, Bi Bata, mwenye kofia. Na hao wawili walikuwa wakigombana. Walikuwa wakigombania nini? Mvua inakuja na nguo ziko kambani. Sabuni imekwisha. Kuna bwana mmoja kaleta shati halina kifungo, sasa anadai lilikuwa nacho. Nani kaunguza kola? Si mimi, ni wewe Bata, na kofia yako hiyo!

Mkewe Fundi alipoisikia mara ya kwanza, walipokuwa bado wachumba, aliuliza, "Mbuzi gani huyo anayelalamikia vifungo?"

"Huyo huyo. Tena kuna jambo jingine."

"Lipi?"

"Alikuwa ananijua jina."

Hapo mchumba alicheka mpaka akashika ukuta. Lakini Fundi alishikilia, na mpaka leo anashikilia. Wakati ule alikuwa mwembamba, wakimwita Kijiti, na Bwana Koti alikuwa akisimama katikati ya ugomvi wake, anamtazama mtu usoni kutoka ndani ya kioo, anasema, "Kijiti, toa kidole puani." Au, "Kijiti, leo hujanawa miguu." Na kweli hakunawa! Aliogopa, alifurahi, alikimbia kunawa. Pale ukumbini walikuwa wanakaa yeye na pacha wawili wa shangazi, lakini ukiwauliza pacha leo, ambao wanaishi mbali, wanakuambia, "Kaka, sisi tulikuwa tunanyonya. Tutakumbuka mbuzi?" Basi amebaki shahidi peke yake, na shahidi mmoja hashindi kesi.

Watoto wake wote wamelelewa kwa Bwana Koti. Wakubwa wamekwisha kukua, wameanza kumtania. Lakini yupo wa mwisho, msichana wa darasa la tatu, ambaye wote humwita Kitinda, na huyo ndiye muumini wa mbuzi kuliko hata baba yake. Wakati wa kulala hataki hadithi ya sungura wala fisi. Anataka Bwana Koti na shati lisilo na kifungo.

Siku moja mwalimu wao akawaambia kila mtoto asimame aeleze kipindi au hadithi ambayo mzazi wake aliipenda utotoni. Kitinda hakungoja kuitwa. Alisimama, akaeleza, akaigiza na sauti. Darasa zima likacheka, alikuwa anafurahi. Lakini kuna mvulana mmoja ambaye baba yake anafanya kazi kituo cha televisheni, katika chumba wanachohifadhi kanda za zamani. Kesho yake mvulana huyo alikuja na jibu la nyumbani: baba kasema haijawahi kuonyeshwa katuni ya mbuzi anayefua nguo, wala mbuzi hawezi kumtaja mtoto jina, na mtu aliyesema hivyo ni mwongo. Basi! Ukishawapa watoto neno kama hilo, umewapa mpira. Mapumziko yote walimfuata Kitinda nyuma wakilia, "Meee! Meee!"

Alirudi nyumbani macho yamevimba, begi analiburuta. Hakwenda kwa mama yake. Alikwenda moja kwa moja karakanani, akasimama mbele ya baba yake aliyekuwa na pini mdomoni.

"Baba, Bwana Koti yupo au hayupo?"

Fundi akatema pini kiganjani. "Yupo. Kwani vipi?"

Akaelezwa yote. Seremala naye alikuwa ameacha randa yake anasikiliza, na kwa mara ya kwanza hakutania.

"Mimi nimewaambia baba yangu hasemi uongo," Kitinda akamaliza. "Nimewaambia Jumatatu nitaleta ushahidi. Baba, si unao?"

Mtoto akikutazama vile, utasema nini? Fundi alisema, "Ninao. Jumamosi haitapita bila wewe kumwona Bwana Koti kwa macho yako."

"Mwalimu anasema ahadi ni deni."

"Mwalimu kasema kweli."

Usiku mkewe alimwambia, "Baba watoto, umejitia kitanzi mwenyewe." Naye alijua. Tuseme ukweli, alikuwa na hofu ya kweli kifuani. Watu wazima wamtanie wanavyotaka, hiyo ni starehe yao. Lakini mtoto akimshika baba yake katika uongo mmoja, tangu hapo kila neno la baba atalipima kabla ya kulimeza. Na Fundi hakuwa na kitu kingine kikubwa cha kumpa mtoto yule zaidi ya neno lake. Tena, na hili hakumwambia hata mkewe, alianza kujiuliza: je, kama niliota?

Kesho yake karakana haikufanya kazi ya maana. Fundi alimuuliza kila aliyepita, na kila aliyepita alikuwa na kipindi chake alichokisahau nusu. Muuza vitambaa alikumbuka treni iliyovaa miwani. Iliitwaje? Hajui. Ilikwenda wapi? Hajui, ila ikipoteza miwani ilikuwa inalia moshi. Mama mmoja aliyeleta stuli zake alikumbuka mwanasesere wa soksi aliyekuwa akipiga chafya mpaka nyumba inaanguka, na akaapa kwamba tangu utotoni hajapiga chafya ndani ya nyumba bila kutazama dari. Kinyozi akasema yeye alikuwa akimwogopa mtangazaji wa hali ya hewa, akidhani ndiye anayeileta mvua.

"Wewe Seremala?" Fundi akauliza. "Au wewe ulizaliwa na nyundo mkononi?"

Seremala ni mtu mkavu, hacheki ovyo. Alitazama huku na huku. Kisha akasema kulikuwa na kipindi cha nyani watatu, cha lugha ya kigeni, na wimbo wake walikuwa wakiuimba mtaa mzima kama walivyousikia. Watu wakamwambia, haya, imba. Akakataa. Wakamshika. Basi mzee mzima na mvi zake akapiga mdundo kwa ubao na kuimba:

"Sina kuku, sina bata, mama kala ndimuuu!"

Loo! Mama wa stuli alikaa chini. Kinyozi naye akarukia, kumbe na yeye aliuimba wimbo huohuo utotoni, ila kwao walisema "mama kalala ndani". Wakabishana kwa moyo wote, ndimu au ndani, kana kwamba nyani wale walikuwa wajomba zao. Mchana ule kila mmoja alikuwa na umri wa miaka saba. Lakini mbuzi mwenye koti, hapana, hakuna aliyemjua.

Ni muuza vitambaa aliyesema, "Nenda kwa yule binti wa duka la simu. Yule akikosa kitu mtandaoni, ujue hakijaumbwa."

Binti wa simu alimsikiliza Fundi kwa adabu yote, akiwa anatafuna ubani. "Mbuzi. Amevaa koti. Na bata mwenye kofia. Picha nyeusi na nyeupe. Haya, Baba, keti." Akaandika kwa Kiswahili, hakuna. Akaandika kwa lugha hii, akaandika kwa lugha ile, vidole vinakwenda kama mvua ya manyunyu. Walipita mbuzi wa kila namna, wa nyama na wa maziwa. Fundi alikuwa ameanza kuinuka aage, mara binti akamgeuzia kioo.

"Ni huyu?"

Alikuwa huyo. Koti lilelile, mikono inaburuta, kidevu kinatikisika. Na nyuma yake Bi Bata na kofia yake! Fundi Makochi, mtu mzima, baba wa watoto, aliruka akagonga rafu na vifuniko vya simu vikamwagika vyote.

"Si nilisema! Si nilisema mimi! Yupo!"

Lakini binti alipoongeza sauti, furaha ikaingia maji. Mbuzi alikuwa akisema kwa lugha ya watu wa mbali, kwa sauti nzito ya kiume, kama anayesoma taarifa ya habari. Binti akasoma maelezo yaliyokuwa chini ya picha, akamfasiria: ni vipindi vya kuwafundisha watoto kuvuka barabara, kupiga mswaki na kuheshimu taa za magari. Mbuzi ni mwalimu. Bata ni askari wa usalama barabarani, ndiyo maana ana kofia.

"Hakuna mahali wanafua nguo?"

"Hakuna, Baba."

"Hakuna shati?"

"Shati lipo, hapa. Analitumia kumsimamisha dereva."

Fundi alishukuru, akawekewa katuni ile katika simu yake, akaondoka amenyong'onyea. Mbuzi yupo, lakini si yeye. Hebu fikiria unakutana na ndugu yako uliyempoteza, sura ni yake, halafu akikusalimu ni mtu mwingine kabisa.

Jioni ile, ilikuwa Ijumaa, alimwonyesha Kitinda, afanyeje sasa? Mtoto alishangilia kwanza. Alimwita mama yake, "Mama, njoo umwone, yupo!" Kisha akaitazama mpaka mwisho, uso umekunjamana.

"Baba, mbona hasemi kiti hakikaliwi kwa hasira?"

"Labda wamekiondoa kipande hicho."

"Na nguo?"

"Labda..."

"Na mbona hataji jina la mtu?"

Kitinda alimrudishia simu kwa mikono miwili, kwa heshima, na heshima ile ilimuuma Fundi kuliko kama angenuna. Mtoto alikuwa anamhurumia.

"Kesho," akasema Fundi, "kesho tutakwenda kwa shangazi. Yeye alikuwa mle ndani. Atakuambia kama baba yako ni mwongo."

Mkewe akauliza kwa nini hakumwuliza shangazi miaka yote hii. Akajibu, "Aa, Shangazi alikuwa na pasi yake na nguo za watu rundo zima. Angejua nini habari za katuni?"

Jumamosi asubuhi wakaenda, baba na binti, wamebeba sukari na machungwa. Shangazi sasa ni mzee, magoti hayamtaki, pasi alikwisha kuiweka chini, lakini mdomo wake haujastaafu. Anaishi chumba na ukumbi, safi mpaka unaona haya kukanyaga. Pacha wake wamemletea televisheni bapa, pana kama meza, nayo husema mchana kutwa mbele yake huku yeye akikoroma.

"Karibuni! Kijiti, ndiyo wewe? Kila nikikuona umeongezeka. Kijiti kimepotea, limebaki gogo!"

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Na huyu mjukuu wangu mbona kanuna? Nani kamchokoza?"

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mama. Haya, kaeni, semeni."

Fundi akaeleza yote, ya shule, ya mvulana, ya Jumatatu. "Kwa hiyo, Shangazi, nimekuja kukuomba ushahidi. Wewe ulikuwa ukipiga pasi nyuma yetu. Hebu mtazame huyu, umwambie mtoto kama hukuwahi kumsikia akisema Kiswahili." Akampa simu, katuni inacheza.

Shangazi akavaa miwani. Akaisogeza simu karibu na macho, akaisogeza mbali. Kisha akapiga kofi pajani.

"Ee! Huyu si mbuzi wangu?"

"Wako vipi?"

"Mbuzi wangu! Loo, na koti lake! Hebu izime hiyo sauti kwanza, inanipotezea maneno."

Fundi akaizima. Shangazi akaisimamisha simu mezani, akaiegemeza kwenye bakuli la machungwa, akawaamuru wakae chini mbele yake, Fundi naye na tumbo lake, na yeye akasimama nyuma yao ameshika mgongo wa kiti. "Macho mbele," akasema. "Anayegeuka nyuma, mbuzi anakosa maneno."

Sentensi ile Fundi aliijua. Alikuwa ameisahau kabisa, na hapohapo akaijua. Mbele yao mbuzi akafungua mdomo, na nyuma yao ikatoka sauti, ya puani, ya kulalamika, yenye kutetemeka:

"Bata! Wee Bata! Wingu lile hulioni? Mashati yako kambani na wewe umesimama na kofia tu, unangoja nani? Yule bwana akija akikuta kola imelowa, nitamwambia nini mimi? Nitamwambia ni jasho lake!"

Bata akafunua mdomo, sauti ikabadilika, nyembamba, kali: "Niache! Mimi si mfuaji, mimi ni mtu wa heshima!"

"Heshima gani, na hiyo kofia uliyoazima?"

Kitinda alipasuka kwa kicheko. Fundi hakucheka. Sauti ilikuwa imezeeka, inakatika hapa na pale, lakini ilikuwa ni yeye, Bwana Koti, si mwingine. Mzee mzima machozi yakamtoka, nayo hakuyafuta, aliyaacha yashuke yanavyotaka. Miaka yote alikuwa akimtafuta mbuzi, kumbe mbuzi mwenyewe ndiye huyu aliyekuwa akimpelekea sukari kila mwisho wa mwezi na kumuaga kwa haraka.

Kitinda akageuka kutazama nyuma. Papo hapo mbuzi akawa bubu.

"Si nilikuambia?" Shangazi akasema, akakaa akihema na kucheka. "Baba yako ndivyo alivyokuwa. Akigeuka, nanyamaza, napiga pasi yangu, sina habari. Mwisho akaacha kugeuka."

"Shangazi," Fundi akasema, "kumbe ni wewe?"

"Ulidhani nani? Mbuzi? Televisheni ile niliuziwa na mwalimu aliyekuwa anahama. Akaniambia, 'Mama, ina sauti ndogo.' Ndogo! Haikuwa na sauti hata ya mbu. Watu walinicheka mtaani, wakasema nimenunua dirisha. Na wewe jioni ikifika ulikuwa unakaa mlangoni unamlilia mama yako, kilio kirefu, mpaka pacha nao wanaitikia. Nguo za watu zimenijaa, nikubebe saa ngapi? Siku moja yule mbuzi akatokea, nikasema tu kwa kucheza, 'Kijiti, unalia nini?' Ukanyamaza. Ukageuka ukamtazama mbuzi, umekodoa macho. Nikaona, ahaa, hapa nimepata msaidizi."

"Ndiyo maana alijua sijanawa miguu."

"Kijiti, miguu yako ilijulikana mpaka jikoni. Mimi nikikuambia unawe, ulikuwa unakimbia. Mbuzi akikuambia, ulinawa mpaka magotini."

Kitinda alikuwa amesogea, ameweka mkono gotini mwa bibi yake. Alikuwa na swali, na ni swali la mtoto mwenye akili. "Bibi, kwa nini hukuitengeneza?"

Shangazi akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya kanga.

"Ilitengenezwa, mama. Alikuja fundi mmoja, ndugu wa mteja wangu, akafungua nyuma, akaunga waya, ikasema. Siku hiyo baba yako alichelewa kurudi kutoka shuleni. Saa ya mbuzi ikafika, nikamsikia. Lisauti lizito, maneno ya watu, sielewi hata moja. Nikafikiri, sasa mtoto akirudi atamkuta mbuzi mgeni. Atamwangalia usoni, naye hamjui. Atamwita, haitiki." Akatikisa kichwa. "Nikazungusha kile kitufe mpaka mwisho, nikaizima sauti. Kisha nikaking'oa kitufe chenyewe nikakitia katika mkaa wa pasi, asije mtu akakigusa. Kikanuka vibaya nyumba nzima."

"Kwa hiyo ilikuwa na sauti?" Fundi akauliza.

"Tangu siku hiyo ilikuwa nayo, miaka yote uliyokaa kwangu. Mimi ndiye niliyeinyamazisha. Sasa ningefanyaje? Nimnyang'anye mtoto wa watu mbuzi anayemjua kwa jina?"

Fundi akamgeukia. Akachukua mkono wa shangazi yake, mkono wenye alama za pasi mpaka leo, akauweka shavuni mwake, akakaa hivyo sakafuni kama mtoto. Naye Shangazi alimwacha, akawa anakipapasa kichwa chake chenye upara na kusema, "Haya basi, haya basi, Kijiti, sasa utanilowesha."

Kitinda aliwatazama wote wawili kwa makini, kama hakimu aliyekwisha kusikiliza pande zote. Alikuwa na Jumatatu yake ya kufikiria.

"Sasa nimejua nitawaambia nini," akasema. "Nitawaambia baba yangu hakudanganya. Alidanganywa."

"Nani kamdanganya?" Shangazi akawaka. "Mimi? Niliyekuwa nashika pasi kwa mkono mmoja na mbuzi kwa mkono wa pili?"

Fundi alikuwa ameanza kucheka, machozi hayajakauka, tumbo zima linatikisika. "Mwache, Shangazi, mtoto kahukumu vizuri," akasema. Akamvuta binti yake karibu. "Waambie hivyohivyo. Waambie baba yako alidanganywa kila jioni, na mtu mmoja, kwa sababu alikuwa akilia na mtu huyo hakutaka alie."